Kijiko Kimoja cha Maji

Anayetaka kuniamini aniamini. Asiyetaka aende Elburgon aulize habari za Gachanja wa mashine ya mbao, ila tafadhali asimwulize mtu anayenijua.

Miaka thelathini na mmoja nilisimama mbele ya msumeno mkubwa nikipasua magogo ya saiprasi. Nilipostaafu nilihamia Nakuru, nikapanga vyumba viwili karibu na Rhonda, na tangu hapo kazi yangu ni chai ya saa nne na maneno. Chai nalipia. Maneno nagawa bure.

Siku moja mwezi wa tano nilikuwa mkahawani nikiwapa watu hadithi ya lori. Lori la magogo liliserereka likatumbukia kwenye bwawa la mashine, na dereva akaanza kulia kama mtoto kwa sababu koti lake lilibaki ndani na barua ya mchumba mfukoni. Nikavua viatu, nikazama. Nikamkuta samaki amekalia usukani, nikamwomba anipishe kwa heshima, nikachukua koti. Dakika kumi na tisa chini ya maji. Barua haikulowa hata nukta.

Meza nzima ilicheka, isipokuwa msichana mmoja aliyekuwa akila mandazi pembeni.

"Mzee, dakika kumi na tisa?"

"Ni ishirini, lakini sipendi kujisifu."

"Na ulikuwa unapumua na nini?"

"Na subira."

Akapangusa vidole. "Mimi naitwa Akoth. Nafundisha watu kuzamia kwa swimming ya hoteli, Jumanne na Jumamosi. Kuja na hiyo subira tuione."

Sasa, mbele ya watu wanane wenye vikombe mkononi, mwanamume atasema nini? Nilisema nitakuja.

Huyu Akoth alilelewa Kaptembwo, akaenda kufanya kazi Pwani, akajifunza kuzamia mpaka akawa mwalimu, kisha akarudi Nakuru na mitungi yake ya hewa. Watu walimwona ana wazimu. Nakuru kuna ziwa la magadi, nani atazamia huko? Yeye alikuwa na sababu yake. Alisema watu wa bara huenda Pwani kwa likizo ya siku tatu, asubuhi wanavalishwa mtungi, saa sita wako baharini wanapiga matumbawe mateke na kumaliza hewa kwa woga. Alitaka mtu ajifunze mambo ya mwanzo nyumbani, polepole, hata kama ni kwenye bwawa la hoteli, mpaka aweze kuning'inia majini kama nguo kwenye kamba siku isiyo na upepo.

Nilipofika langoni Jumanne, askari alinizuia. Alikuwa amemsikia Akoth akiuliza kwa sauti nani amechukua mkanda wa risasi, na sasa alitaka kujua risasi za nani na za nini. Ilibidi Akoth atoke na kumwonyesha ule mkanda, vipande vya madini mazito vya kumsaidia mtu kuzama. Askari akaupima kwa mkono, akasema, "Kumbe ni za kujiua pole pole," akatufungulia.

Tulikuwa wanafunzi watatu. Wa kwanza ni Masinde, fundi wa mabomba, mtu mnene asiye na haraka. Wa pili ni mimi. Wa tatu ni mwalimu mstaafu kutoka Elburgon, Jepkemei, ambaye sote tulimwita Mama Jerop.

Aliponiona alikunja uso. "Gachanja wa mashine? Wewe ndiye uliwaambia wanafunzi wangu wa darasa la nne kwamba msumeno ulikukata kichwa ukakirudisha na gundi?"

"Gundi nzuri, Mwalimu. Mpaka leo kimeshika."

"Walinisumbua wiki nzima nikifundisha sayansi!"

Mimi nilikuja kwa sababu ya mdomo. Masinde alikuja kwa sababu amefanya kazi na maji maisha yake yote na alitaka kuyaona kwa ndani. Lakini Mama Jerop alikuwa na sababu ya kweli, na alitueleza siku ile ile huku akifunga kofia ya mpira. Binti yake Jerop anafanya kazi Watamu, anapanda matumbawe baharini, anayatunza jinsi mama yake anavyotunza miche ya kabichi. Miaka sita. Na mwisho wa mwezi wa nane Jerop alikuwa anaondoka nchini kwenda kusoma, na hakuna aliyejua atarudi lini.

"Kila akinipigia ananieleza kuhusu hiyo shamba yake ya chini ya maji," Mama Jerop alisema. "Mimi najibu, 'Vizuri, mama, vizuri,' na sijui naitikia nini. Nataka nishuke niione kabla hajaenda. Mara moja tu."

Akoth alimsikiliza, kisha akasema atamruhusu kwenda akiweza mambo yote ya msingi bila kusukumwa. Sio karibu yote. Yote.

Wiki ya kwanza tulifundishwa kupumua. Mimi nina miaka sitini na tisa, nilidhani hilo somo nimelimaliza. Akoth alitupigisha magoti kwenye kina cha mita moja, vipumulio mdomoni, akatuambia tupumue kama mtu anayepoza uji: ndani taratibu, nje taratibu zaidi, na usibane pumzi hata siku moja. Kila baada ya muda anatuuliza kwa ishara kama tuko sawa. Sote watatu tukamjibu kwa kidole gumba juu, kama Wakenya wenye adabu. Akatutoa majini. Akaturudisha, akauliza, tukainua gumba, akatutoa. Mara tano.

"Gumba juu maana yake ni 'twende juu'!" alisema, maji yakimtiririka puani. "Kama uko sawa, fanya hivi." Akaunganisha kidole gumba na cha shahada vikawa duara. "Na kama hauko sawa, nyoosha mkono, uutingishe hivi, halafu uonyeshe shida iko wapi."

"Na kama ni shida ndogo?" niliuliza.

"Unatingisha kidogo. Wazee wangu, mimi nawajua watu wa huku. Ukimwuliza mtu 'uko sawa?' anasema sawa, na nyumba yake inaungua nyuma yake. Hapa chini sawa sio salamu. Mwenzako anaichukua kama ilivyo na anaenda nayo."

Tukacheka. Masinde hakucheka sana. Alisema nyumba nyingi alizoitwa kutengeneza ziliharibika hivyo hivyo, bomba linavuja ndani ya ukuta na mwenyewe anapaka rangi.

Wiki za pili na tatu zilikuwa za vikombe. Akoth alipanga vikombe vya plastiki vyenye kokoto chini ya bwawa, mistari miwili, na sisi tupite juu yake tukiwa tumelala kifudifudi bila kugusa kimoja. Ukivuta hewa unapanda kidogo, ukitoa unashuka. Mikono ikae imekunjwa. Masinde, pamoja na ule mwili, alipita kama wingu. Mama Jerop aliangusha vinne, kisha viwili, kisha hakuna. Mimi niliviangusha vyote na tumbo, nikamwambia Akoth vikombe vimepangwa upande wa upepo.

Tatizo la Mama Jerop halikuwa vikombe. Lilikuwa miwani.

Miwani ya kuzamia inafunika macho na pua. Wakati mwingine maji huingia, kwa hiyo lazima ujue kuyatoa: unabana sehemu ya juu ya miwani, unainua uso, unapuliza kwa pua, maji yanatokea chini. Ni jambo dogo ukilisikia ukiwa nyumbani kwako. Lakini mazoezi yenyewe ni kuijaza miwani kabisa kwa makusudi, maji puani, maji machoni, na wewe unaendelea kupumua kwa mdomo kama kawaida. Baadaye unaivua kabisa.

Mama Jerop kila yalipomfikia puani alisimama ghafla, akikohoa, macho mekundu. Mara ya sita Akoth alimkalisha ukingoni.

"Mathe, ni nini?"

"Ni josho," alisema.

Akatueleza. Alikuwa na miaka saba, kwenye shamba la zamani la wazungu ambako baba yake alichunga. Siku ya kuogesha ng'ombe aliteleza, akatumbukia ndani ya josho lenyewe, kwenye ile dawa ya kupe, kati ya miguu ya ng'ombe. Walimvuta kwa nywele. Wiki mbili hakuona vizuri. Tangu hapo hata kuoga hujimwagia maji kuanzia shingoni.

Akoth alimwambia wataenda polepole, hata wiki nzima kwa robo miwani. Hilo lilikuwa jibu zuri la mwalimu mzuri. Mimi nikampa jibu la Gachanja.

Nilimwendea alipokuwa peke yake. "Mama Jerop, kwani unajaza yote? Mimi naingiza kijiko kimoja tu. Nainamisha kichwa, yanajikusanya kwenye kioo, yeye kwa mbali anaona ni kama imejaa. Napuliza, kwisha."

"Si hiyo ni kudanganya?"

"Ni kufupisha."

Nilimwonea huruma, hiyo ni kweli, na mkitaka kunipiga mawe mwanze na hilo. Jumamosi akajaribu kijiko. Akapuliza. Akoth, aliyekuwa na macho mawili kwa watu watatu, akampa duara la vidole. Mama Jerop alitoka majini akicheka, akanipiga bega. Kuanzia siku hiyo mimi ndiye mwenzake wa kuzamia.

Sasa nifike kwenye sikio.

Mwaka wa themanini na tisa kipande cha mbao kiliruka kikanipiga sikio la kushoto. Daktari alisema kiwambo cha ndani kimetoboka na hakitajifunga. Nikibana pua na kupuliza, hewa hutokea sikioni; niliwahi kuzima mshumaa hivyo kwenye harusi ya mpwa wangu, na hiyo ni katika zile chache ambazo sijaongeza chumvi. Akoth alipotugawia fomu ya afya siku ya kwanza, kulikuwa na swali: umewahi kuwa na shida ya masikio? Nikatia alama kwenye hapana. Kabla ya kila somo nilichomeka sikioni pamba iliyolowa mafuta mazito, nikavuta kofia ya mpira juu yake. Kwenye mita moja ilitosha.

Lakini mwezi wa saba tulihamia upande wenye kina, mita tatu na nusu. Mnajua Nakuru mwezi wa saba. Asubuhi ile ukungu haukuwa umetoka Menengai, na maji yalikuwa baridi kama moyo wa karani. Zoezi lilikuwa kwamba mimi na Mama Jerop tushuke pamoja, Masinde nyuma yetu, tuning'inie hapo chini, kisha mmoja mmoja avue miwani na kuirudisha.

Kwenye mita mbili niliisikia ile pamba ikisukumwa ndani. Maumivu kama sindano. Mama Jerop alikuwa mbele yangu, ananitazama, akaniuliza kwa vidole: sawa?

Nikampa duara. Sawa.

Tukashuka zaidi. Akauliza tena, maana yeye alikuwa mwalimu na hufanya kama alivyoambiwa. Nikampa duara tena, kubwa, la kishujaa. Akageuka kumtazama Akoth, ametulia kabisa kwa sababu mimi niko sawa.

Hapo maji ya baridi yakapenya kwenye tundu la sikio na dunia ikageuka. Sisemi kizunguzungu cha pombe. Bwawa lote liligeuka kama gogo kwenye maji. Sakafu ikawa ukuta, juu sikujua ni wapi. Nikarusha mikono kushika chochote. Mkono ulishika uso wa Mama Jerop ukaondoka na miwani.

Hakuwa na kijiko kimoja usoni sasa. Alikuwa na bwawa zima. Akabana pumzi na kupiga mateke kwenda juu, jambo lile ambalo tangu siku ya kwanza tuliambiwa tusilifanye, maana hewa iliyobanwa hutanuka ukipanda na inaweza kupasua mapafu. Akoth alimfikia, akamshika mkanda wa jaketi linalobeba mtungi na kumpunguza mwendo, akimgonga kifuani mpaka akatoa hewa. Masinde alinikumbatia mimi kama mtungi wa gesi, akanipandisha.

Mama Jerop aliishika ngazi ya bwawa kwa mikono miwili. Hata baada ya kufunikwa taulo mbili hakuiachia. Akoth alitutazama mmoja baada ya mwingine.

"Nini imetokea huko chini?"

Mama Jerop alijibu kwanza. "Ni mimi. Nafikiri niligeuka vibaya nikampiga na mtungi. Yeye alikuwa sawa, niliona vidole vyake. Mara mbili alisema yuko sawa." Akanigeukia, akaniita kwa jina la binti yangu. "Pole, Baba Lynn."

Watu wangu, mimi nimesema uongo mwingi. Ule mbaya kuliko wote niliusema siku hiyo, na haukuwa na neno hata moja. Nilitikisa kichwa kama mtu anayesamehe.

Jumanne iliyofuata hakuja. Alhamisi Masinde alinipigia simu.

"Mzee, Mama Jerop ameacha. Ameambia Akoth yeye ni hatari kwa wengine. Leo jioni anampigia Jerop amwambie haendi."

"Akoth anasemaje?"

"Anasema hawezi kulazimisha mtu. Lakini mzee, mimi nilikuwa nyuma yenu. Yule mama hakukugusa."

Sikumaliza chai. Kabla ya saa sita nilikuwa Elburgon, kwenye njia ya udongo inayopita kando ya viwanda vya mbao, na harufu ya lile vumbi ikanipokea kama ndugu aliyekasirika. Mama Jerop alikuwa shambani anachuma maganda mabichi ya minji. Alinisalimia kwa furaha, na hiyo ndiyo ilikuwa ngumu zaidi.

"Baba Lynn! Umekuja kuniona? Sikio halikuumia nilipokugonga? Nilikuona unalishika."

Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Yalikuwa na mviringo mzuri, na ndani yake mimi sikuonekana vibaya sana. Nikayaacha.

"Hukunigonga," nilisema. "Sikio limetoboka tangu themanini na tisa. Nilidanganya kwenye fomu. Lilianza kuniuma mapema, ukaniuliza kama niko sawa, nikakudanganya mara mbili. Mimi ndiye niliyekung'oa miwani. Na kile kijiko pia ni changu. Ungejifunza kama Akoth alivyotaka, labda hungeogopa vile."

Minji zilikuwa zinadondoka kikapuni moja moja, kisha zikaacha.

"Siku tano," alisema. "Siku tano sijalala nikifikiri karibu niue mtu."

"Najua."

"Hujui! Unajua nini? Nilikuwa naenda kumwambia mtoto wangu sitakuja. Nilikuwa nimeshapanga vile nitasema nisilie." Akanirushia ganda la minji. Halikuwa zito, lakini shabaha ilikuwa ya mwalimu. Lilinipata kwenye paji la uso. "Piga Akoth simu. Sasa hivi. Hapa, nikisikia."

Nikapiga. Nikaeleza yote nikiwa nimesimama kati ya mistari ya minji kama mwanafunzi mbele ya gwaride. Akoth alisikiliza mpaka mwisho.

"Mzee, hutazamia na mimi tena," alisema. "Na usizamie na mtu mwingine. Hiyo sikio inaweza kukuua, na sio wewe peke yako."

"Nimeelewa."

"Mama Jerop ako hapo? Mwambie bado ana nafasi. Jumamosi wiki ijayo, na Masinde. Lakini anaanza mwanzo. Maji kwa pua."

Mama Jerop, aliyekuwa amesogeza sikio, alisema kwa nguvu, "Na nani atanifundisha huku Elburgon, kabichi?"

"Nani alikufundisha kijiko?" Akoth aliuliza.

Basi ndivyo nilivyotumia siku nane za uzee wangu kwenye ua wa Mama Jerop nikiwa mlinzi wa karai. Karai kubwa la kufulia, maji ya tangi, baridi ya msitu wa Mau ndani yake. Yeye alikuwa na miwani yake na kile kijibomba cha kupumulia chenye mdomo juu ya maji. Anainama, uso ndani, anapumua. Siku ya kwanza miwani ilikuwa kavu. Siku ya pili tuliingiza maji mpaka chini ya pua, na hakupuliza. Alikaa nayo tu, akizoea, akihesabu pumzi kumi. Mkono wake ulikuwa juu ya meza. Nilimwuliza kwa kugonga meza, naye alinijibu kwa vidole, na mara nyingi jibu halikuwa duara. Mkono ulitingishika. Nikitaka kumwambia "jikaze", nakumbuka ganda la minji, nanyamaza. Tunapunguza maji, tunaanza upya.

Jirani yake Immaculate alisimama kwenye ua kila jioni.

"Mwalimu, huo uso ni mchafu kiasi gani? Leo siku ya nne unaoshwa!"

"Njoo nikuonyeshe!"

"Na huyo mzee ndiye sabuni?"

Siku ya sita alijaza miwani yote. Macho yamefumbuliwa. Pumzi ishirini, nilizihesabu kwa sauti, na ya ishirini na moja akainua uso, akapuliza kwa pua, maji yakatoka. Hakushangilia. Alirudia mara kumi na nne. Siku ya saba alivua miwani kabisa ndani ya karai na kubaki na uso mtupu majini, na nikaona kutoka kwenye bomba lile pumzi inavyoenda: ndani, nje, bila papara. Nje ilikuwa ndefu zaidi.

"Ile dawa ya josho ilikuwa inanuka vipi?" nilimwuliza alipojipangusa.

Akafikiri. "Sikumbuki tena vizuri," alisema, na akaonekana kama mtu aliyepapasa mfuko akakuta tundu.

Jumamosi nilikaa kwenye kiti cha plastiki kando ya bwawa, nimevaa koti. Kiti ndicho kina changu sasa. Masinde na Mama Jerop waliangaliana vifaa kama walivyofundishwa: jaketi, mkanda, vifungo, hewa, kila mmoja akigusa cha mwenzake kwa mkono wake na kukitaja. Kisha wakashuka na Akoth.

Kutoka juu mtu haoni mengi. Niliona vivuli vitatu na mapovu. Mapovu ya Masinde yalipanda makubwa, ya kivivu. Ya Mama Jerop yalikuwa madogo na ya haraka. Yakasimama. Nikasimama na mimi. Nilimwona ananyoosha mkono na kuutingisha, kisha anaonyesha puani. Masinde hakufanya kitu ila kusogea karibu na kumshika kiwiko. Walikaa hivyo muda mrefu sana, nadhani dakika nzima, na mimi niliyebana pumzi dakika kumi na tisa nilishindwa kumaliza hiyo moja.

Mapovu yakaanza tena. Taratibu. Halafu nikaona miwani ikiondoka usoni.

Aliogelea bila miwani kutoka ukuta hadi ukuta, macho wazi, Masinde kando yake kama kondoo mkubwa mwaminifu. Akarudi. Akaivaa, akainua uso, akapuliza mara tatu. Akoth akamwuliza, akajibu duara, na safari hii nililiamini.

Alipotoka majini hakunikumbatia. Bado alikuwa ananidai siku tano za usingizi, na ni haki yake. Alikaa ukingoni na kuninyooshea simu yake kwa sababu mikono ilikuwa inadondoka maji.

"Nipigie Jerop. Weka sauti juu."

Nikapiga, nikaishika karibu na mdomo wake.

"Mama? Imeenda aje?"

"Nakuja."

Kulikuwa na kelele huko Watamu, upepo, kisha mtu anapenga kamasi. "Nimekupangia Jumatano ya wiki ingine," Jerop alisema. "Asubuhi, maji yakiwa yametulia. Nitakushika mkono mwenyewe. Ngoja niandike vifaa. Unavaa kiatu namba ngapi, nikutafutie mapezi?"

"Sita."

"Mama."

"Nini?"

"Sita unavaanga kanisani, unarudi ukichechemea. Mapezi yakikubana utashikwa na msuli huko chini. Namba ngapi?"

Mama Jerop alinitazama, akamtazama Masinde, akaitazama miguu yake iliyokuwa ikining'inia majini, mipana, ya mtu aliyetembea kwenda shule kilomita tisa kila siku.

"Nane," alisema. "Andika nane na nusu."